Jezi ya Arobaini na Moja

Bomba la joto ukutani liligonga mara tatu, taratibu, kama mgeni aliyefika mlangoni akasita. Halafu likanyamaza. Nje bado kulikuwa giza, na theluji ya kwanza ya Novemba ilikuwa imelala juu ya magari mtaani. Ludmila Hrinko alikuwa macho tangu kitambo. Alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni, shali mabegani, penseli mkononi, na mbele yake daftari kubwa la jalada jeusi ambalo bonde zima lililiita Kitabu.

Kitabu kilikuwa cha marehemu mumewe, Andrej, na alipofariki kikabaki kwake, miaka kumi na tisa sasa. Kila Ijumaa jioni ya msimu, shule saba za bonde zilicheza mpira, ule wa ncha mbili wa kubebwa na kurushwa. Kila Jumatatu karatasi zilimfikia: namba fulani karusha pasi ngapi, zimedakwa ngapi, yadi ngapi, mabao mangapi. Karatasi hazikuwa na majina, zilikuwa na namba za jezi tu. Yeye ndiye aliyetafuta jina kwenye orodha ya shule na kuandika kwa mwandiko wake wa duara, polepole, asije akamdhulumu mtoto wa mtu.

Leo saa tatu asubuhi makocha saba wangekutana katika ukumbi wa chini wa kanisa kuchagua Kikosi cha Nyota cha bonde. Nafasi nyingine zilikuwa mbili mbili. Nafasi ya kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya wenzake na kuurusha, ilikuwa moja tu. Aliyeipata ndiye aliyekwenda kwenye mechi kubwa ya kiangazi, mbele ya makocha wa vyuo waliokaa jukwaani na kalamu zao. Viwanda vya chuma vilikuwa vimezimwa kimoja baada ya kingine. Kwa kijana wa pale, mechi ile ilikuwa mlango, na mlango wenyewe ulipitisha mtu mmoja.

Mwaka huu waliokuwa wanaushindania ni wawili. Kurt Dombroski wa Bellhaven, pasi za bao kumi na tisa. Isaiah Pruitt wa Tarr Hollow, pasi za bao kumi na saba.

Ludmila alirudisha kidole kwenye mstari uliomtoa kitandani. Mechi ya Oktoba, Tarr Hollow ugenini Weller, mvua na matope. Kipindi cha kwanza, namba kumi na mbili, Pruitt, anarusha. Kipindi cha pili, namba arobaini na moja anarusha: pasi kumi na moja zimedakwa, tatu za bao. Orodha ya shule ilisema arobaini na moja ni Darnell Keel, mchezaji wa akiba. Naye akaandika Keel.

Wakati ule aliona ni jambo la kawaida. Mechi ikishakuwa mkononi, kocha huwaingiza watoto wa akiba nao waonje uwanja. Lakini jana, akijumlisha, aliona kwamba Keel hakurusha pasi nyingine hata moja msimu mzima. Na sasa, kwenye taa ya jikoni, aliona kitu kibaya zaidi. Hadi mapumziko matokeo yalikuwa saba kwa saba.

“Saba kwa saba,” alisema peke yake. “Kocha gani mwenye akili zake anamtoa mrushaji wake bora mambo yakiwa saba kwa saba?”

Simu ilikuwa ukutani, hatua mbili tu. Lakini Andrej aliweka sharti, na yeye alilishika: mwenye Kitabu haongei na kocha yeyote habari za wachezaji wiki ya uchaguzi, mtu asije akasema kuna mapatano. Akatia nukta ndogo ya penseli pembeni mwa jina la Keel. Akafunika Kitabu, akatoa mkate wa jozi kwenye oveni, akavaa viatu vya theluji vya mumewe, kwa kuwa vyake vilivuja, akatoka.

*

Ukumbi wa chini ulinuka kitunguu na siagi. Wanawake wa kanisa walikuwa wametengeneza pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemshwa vilivyojazwa viazi, siku iliyotangulia, na harufu ilikuwa bado imeng'ang'ania mapazia. Kocha Merle, mzee kuliko wote, tayari alikuwa kichwani mwa meza. Alipomwona Ludmila anateremka ngazi, aliinuka na kumvutia kiti kilicho karibu na bomba la joto. Kila mwaka alifanya hivyo, na kila mwaka alijifanya kwamba kiti kile kilikuwa hapo kwa bahati.

“Mama Hrinko, umeleta mkate?”

“Nimeleta Kitabu.”

“Kitabu hakiliwi, mama.”

“Basi kata mkate, usiniulize maswali ambayo pua yako imeshajibu.”

Wakacheka. Lakini kilikuwa kicheko kifupi, na macho yakarudi haraka kwa watu wawili waliosimama.

Hao wawili walisimama kwa sababu ya mila. Zamani, kabla Ludmila hajashika Kitabu, makocha wawili walipigana kwa viti katika ukumbi ule ule, kila mmoja akimtetea mchezaji wake. Andrej ndiye aliyeleta dawa. Kocha ambaye kijana wake anajadiliwa haketi, bali hushika birika na kuwamiminia wenzake kahawa, wala hasemi neno, tangu hesabu inapoanza kusomwa hadi kura inapomfikia. Akifungua mdomo, jina la kijana wake linafutwa. Mtu mwenye birika la moto mkononi, Andrej alisema, hupata adabu upesi.

Kwa hiyo Leland Gaines wa Tarr Hollow alikuwa na birika la mpini mweusi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mvi za masharubuni, na katika miaka yake yote hakuwahi kumwaga tone. Vito Scarpelli wa Bellhaven alikuwa na lile la mpini wa rangi ya chungwa, la kahawa isiyo na makali, ambayo hakuna aliyeitaka. Alizunguka nalo meza nzima na kila mtu akafunika kikombe chake kwa mkono. Vito alikuwa msemaji tangu tumboni mwa mama yake. Kumnyamazisha ilikuwa kama kufunga paka ndani ya gunia.

“Tuanze,” alisema Merle. “Mama, tusomee.”

Ludmila akavaa miwani. Akasoma za Kurt kwanza, mechi baada ya mechi, na jumla: kumi na tisa. Vito alitazama dari kama mtu anayesikiliza nyimbo za ubatizo wa mwanawe. Kisha akasoma za Isaiah. Leland alikuwa amefika kwenye kiti cha Ludmila na alikuwa anamjazia kikombe.

“Mechi ya Weller. Pruitt, pasi sita zimedakwa, moja ya bao.”

Sauti ya kahawa haikukatika. Kahawa ilijaa kikombeni, ikapanda ukingoni, ikamwagikia sahani, ikatambaa kwenye kitambaa cha meza. Leland alikuwa anamtazama Ludmila wala hatazami birika. Kisha akashtuka, akainua mkono, akatoa leso yake safi mfukoni na kufuta, akihakikisha kwanza kwamba haikugusa Kitabu. Midomo yake ilikuwa imebanwa mpaka imepauka.

“Jumla,” Ludmila alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili, “kumi na saba.”

“Kuna neno?” aliuliza Merle, kama ilivyo desturi.

Leland alisimama na leso inayochuruzika. Aliyekuwa na neno ndiye aliyekatazwa kulisema.

Na Ludmila? Miaka kumi na tisa alikuwa msomaji tu. Hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini, naye hakuwahi kutoa maoni. Wakati bado anajivuta, Merle alikuwa ameshachukua uzi mrefu wa kiatu cha Andrej, uliofunga Kitabu kila mwaka, na kukizungushia Kitabu, akafunga fundo, akalikaza kwa jino. Fundo likishafungwa, halifunguliwi mpaka msimu mwingine. Hiyo nayo ilikuwa mila.

Mjadala ukaanza.

“Mimi niseme ukweli,” alisema kocha kijana wa Fenwick. “Huyo Dombroski ana mkono. Alirusha mpira juu ya vichwa vya watoto wangu, nikadhani anampelekea mtu barua mkoa mwingine.”

“Mkono anao,” alijibu kocha wa Coaldale. “Na ana ukuta mbele yake. Vijana watano kama majokofu. Hata mimi ukinipa ukuta ule nakaa nyuma nakunywa chai, halafu narusha.”

“Wewe? Wewe mwaka wako ulirusha mpira ukampiga mpiga tarumbeta!”

“Alikuwa amesimama vibaya.”

“Pruitt hana ukuta,” alisema kocha wa Pine Ridge. “Anarusha huku anakimbia roho yake. Mimi nilimtumia watu watatu, wakarudi na matope tu.”

“Lakini kumi na saba,” alisema wa Fenwick. “Na Bellhaven waliwafunga uso kwa uso, kumi na nne kwa kumi. Namba ni namba, jamani. Tukianza kuchagua kwa huruma, tutakuwa tunachagua mwimbaji wa kwaya.”

“Baba yake Kurt naye kiwanda kimemtoa,” Merle alisema polepole. “Hakuna mwenye njaa kumzidi mwenzake hapa. Tuangalie mpira.”

Mtu mmoja hakuwa amesema lolote. Orrin Yost, kocha wa Weller, aliyefungwa siku ile ya matope. Alikuwa mnene, mwenye haya, na mkewe alikuwa dada yake Vito. Alikuwa anakichungulia kikombe chake kama aliyeangusha kitu ndani. Ludmila alimtazama yeye, kisha Leland, kisha fundo. Moyo wake ulikuwa unagonga kama lile bomba la alfajiri.

Akanyamaza, kijana anapoteza mlango wake. Akisema, anavunja sharti la mumewe mbele za watu, na kukiri kwamba Kitabu cha Andrej kimesema uongo kwa mkono wake yeye.

“Samahani,” alisema.

Hawakumsikia.

“Samahani! Nataka kufungua Kitabu.”

Mabishano yakakatika. Merle aliweka kisu cha mkate chini. “Mama, fundo limeshafungwa.”

“Naliona. Nimekosea humo ndani.”

“Umekosea wapi?”

“Bado sijui sawasawa. Nadhani nimempa mtoto mmoja mabao ya mwenzake.”

“KITABU KIMEFUNGWA!” alinguruma Vito, na birika lake likagonga meza. “Miaka yote kimefungwa kimefungwa, leo kwa sababu ya Kurt wangu ndiyo…”

Akaishia hapo. Mkono ukampanda mdomoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Yalining'inia hewani, na kila mtu mezani aliyaona.

Kocha wa Fenwick alimtazama Merle. Merle alimtazama Vito kwa huzuni kubwa, kwa kuwa walikuwa marafiki.

“Vito,” alisema. “Umesema.”

Uso wa Vito uligeuka majivu. Kijana wake alikuwa amefutwa. Si kwa namba, si kwa kura, bali kwa mdomo wa kocha wake. Jioni hii angelazimika kwenda nyumbani kwa akina Dombroski kueleza hilo. Na kama Kurt amefutwa, basi Isaiah amebaki peke yake na hakuna haja ya kufungua fundo lolote. Ludmila aliliona hilo, na akaona kwamba Leland pia ameliona. Ilitosha Leland kusimama tu, kimya, kama mila ilivyomtaka.

Leland alitembea hadi kwenye rafu. Akachukua kikombe kitupu, akakijaza kutoka birika lake la mpini mweusi, kahawa ya kweli, akaongeza sukari vijiko vitatu kama Vito alivyopenda, akavuka chumba na kumpa mkononi. Kisha akamtazama Merle, akatikisa kichwa mara moja: hapana.

Vito alikitazama kile kikombe.

“Mimi masikio yangu mabovu,” alisema Merle, akikohoa. “Nimesikia mtu anasema anataka kahawa. Kuna aliyesikia vingine?”

“Mimi nimesikia kahawa,” alisema wa Coaldale.

“Kahawa,” alisema wa Pine Ridge.

Kocha wa Fenwick alisita, akakuna shingo. “Haya. Kahawa, na kelele nyingi.”

“Sasa mama,” alisema Merle, “kuhusu fundo sikuzuii wala sikuruhusu. Kitabu ni chako.”

Ludmila akakivuta Kitabu kwake. Vidole vyake vilikuwa na uvimbe wa baridi yabisi, na Merle alikuwa amelikaza fundo kwa meno yake yote yaliyobaki. Alikwaruza kwa ukucha, uzi haukusogea. Alijaribu tena. Alijua kwa nini hakuna anayemsaidia: kugusa fundo lile kulikuwa sawa na kuchagua upande. Saa ya ukutani ilitembea. Jasho lilimtoka chini ya shali.

Kisha mkono mnene ukaja kutoka kulia. Orrin Yost, bila kumtazama shemeji yake, aliinama juu ya Kitabu akaanza kulilegeza fundo, polepole, kwa ustadi wa mtu aliyefungua kamba za viatu vya watoto maisha yake yote. Lilipoachia, alirudi kitini na masikio yamemuiva.

“Asante, Orrin,” alisema Ludmila. “Sasa mwanangu, nakuuliza wewe, kwa sababu ulikuwapo. Mechi yenu na Tarr Hollow, kipindi cha pili. Aliyevaa arobaini na moja alikuwa nani?”

“Ngoja kidogo, bibi,” alisema wa Fenwick. “Usinielewe vibaya. Leland amemwaga kahawa, wewe ukaanza kutafuta makosa. Hiyo si ishara?”

Ludmila akafungua ukurasa, akamsogezea. “Tazama pembeni ya jina la Keel. Unaona nini?”

“Nukta.”

“Niliitia leo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla sijachemsha maji. Kahawa ya Leland imenikumbusha tu kwamba mimi ni mwoga.”

Kocha yule kijana akarudisha Kitabu kwa mikono miwili. “Basi nisamehe.”

Wote wakamgeukia Orrin.

“Alikuwa Pruitt,” alisema. “Ni yule yule Pruitt.”

“Kwa nini alivaa arobaini na moja?”

“Mwishoni mwa kipindi cha kwanza, mtoto wangu Petey Lasko, namba sitini na tatu, kofia ilimtoka wakati wa kuanguka, paji likapasuka. Damu, jamani, sijaona. Watoto wangu mwenyewe walirudi nyuma, waliogopa. Pruitt akapiga magoti kwenye matope. Akavuta jezi yake, akamkandamizia Petey pale kwenye jeraha, akawa anamwongelesha. Anamuuliza, mbwa wako anaitwa nani? Petey anajibu, Biskuti. Anamuuliza tena, Biskuti anakula nini? Mpaka machela ikafika.” Orrin alijipangusa uso kwa kiganja. “Refa akamwambia Pruitt, jezi yenye damu hairuhusiwi uwanjani, kabadilishe. Wakampa ile ya akiba kwenye sanduku. Arobaini na moja. Keel mwenyewe alikuwa nyumbani na homa. Halafu Pruitt akarudi akatufunga mara tatu.”

“Na wewe ulijua hili wakati mama anasoma?” aliuliza Merle.

“Nilihisi jumla ni ndogo. Sikuwa na hakika.” Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, “Si kweli. Nilikuwa na hakika. Lakini Vito ni shemeji yangu, na Krismasi tunakula kwake.”

Vito alikuwa bado ameshika kikombe, hajanywa.

Ludmila alichukua kalamu yake ya wino. Akapiga mstari juu ya jina la Keel, akaandika Pruitt, na chini yake, kwa mwandiko ule ule wa duara: *Kosa ni langu. L.H.* Kisha akasoma kwa sauti iliyosimama: “Pruitt, pasi za bao ishirini. Dombroski, kumi na tisa.”

“Tupige kura,” alisema Merle.

Kura zilipigwa kwa sauti, kuzunguka meza, na wenye birika wakawa wa mwisho. Kocha hakuruhusiwa kumtaja kijana wake. Angeweza kumtaja mpinzani, au angeweza kuitupa kura yake kwa mtu wa tatu asiye na nafasi. Wengi walifanya hivyo, na hakuna aliyewalaumu. Kura zikilingana, sarafu ilirushwa.

“Dombroski,” alisema Merle mwenyewe. “Bao moja halinibadilishi macho. Nilimwona kwenye ukungu kule Coaldale.”

“Pruitt,” alisema Orrin.

“Pruitt,” alisema wa Pine Ridge.

“Dombroski,” alisema wa Fenwick. “Alitushinda sote uso kwa uso.”

“Pruitt,” alisema wa Coaldale.

Tatu kwa mbili. Ikafika kwa Leland. Kulikuwa na kijana wa tatu kwenye orodha, wa Pine Ridge, mwenye pasi za bao tisa, ambaye hakuna aliyejisumbua kumjadili. Leland angemtaja huyo tu, na Isaiah asingeweza kupitwa. Alitua birika mezani. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile sauti yake kusikika.

“Ukimtoa wangu,” alisema, “mrushaji bora wa bonde hili ni Dombroski. Siwezi kusema jina jingine nikalala usingizi. Dombroski.”

Ludmila aliona kocha wa Coaldale akifumba macho. Tatu kwa tatu. Na aliyebaki ni Vito. Akimtaja yule wa tatu, sarafu itarushwa, na Kurt anabaki na nusu ya mlango. Ilikuwa haki yake. Bomba la joto lilitoa mlio mwembamba kando ya kiti cha Ludmila.

Vito alikunywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa imepoa. Akaweka kikombe chini.

“Vijana wangu wawili walikuwa mgongoni mwake,” alisema, akiongea na meza. “Wawili. Mmoja kwenye kiuno, mmoja kwenye shingo. Na bado akaurusha, ukafika. Nilijiambia, Vito, umeshinda mechi lakini huyu ndiye mchezaji.” Akashusha pumzi. “Kurt ataninunia mpaka Pasaka. Pruitt.”

Alienda akaketi karibu na Orrin, akavuta sahani ya mkate. “Na wewe,” alimwambia bila kugeuka, “Krismasi utakuja, na utaosha vyombo.”

“Nitaosha,” alisema Orrin.

Ludmila alikisukuma Kitabu katikati ya meza. “Tafuteni mwenye macho mazuri zaidi akiandike.”

Merle alichukua uzi, akafunga fundo jipya, safari hii legevu, fundo la kipepeo ambalo mtoto angeweza kulivuta. Akakirudisha Kitabu mbele ya Ludmila. “Mama, kata mkate. Wangu Vito ameumaliza.”

*

Desturi ilikuwa kocha kupeleka habari kwa kijana. Lakini Leland alipomfungulia Ludmila mlango wa gari na kukuta bado ameshika fremu, hajapanda, alielewa.

“Unataka twende wote, mama.”

“Ananidai msamaha. Hauwezi kwenda kwa mjumbe.”

Orrin aliwafuata mbio kwenye theluji, akihema, na bahasha iliyojikunja kona. “Nilimwandikia mtoto kumshukuru. Ina mwezi mzima iko kwenye gari. Kila nikitaka kuituma naona nimeandika vibaya. Nipelekeeni.”

Nyumba ya akina Pruitt ilikuwa juu ya kilima, ngazi zake zimefagiliwa theluji. Aliyefungua ni bibi yake Isaiah, Odessa, mwanamke wa umri wa Ludmila, mwenye aproni iliyopakaa unga. Alimwona Leland, akashika kifua. Kisha akamwona mwanamke mfupi, mzungu, aliyevaa viatu vikubwa vya kiume.

“Isaiah! Amka uvae shati, kocha yuko hapa na mgeni!”

Kijana alitokea na soksi zisizofanana, mrefu kama mlango, macho yamejaa usingizi na hofu. Leland alifungua mdomo, lakini Ludmila alimgusa mkono.

“Mwanangu, mimi ndiye ninayeandika Kitabu,” alisema. “Mabao yako matatu ya Weller nilimpa mtu mwingine, kwa sababu ya namba ya jezi. Nilikuwa na shaka leo alfajiri na nikachelewa kusema. Karibu nikupotezee nafasi. Naomba unisamehe. Hilo kwanza.”

Isaiah alimtazama bibi yake, kisha kocha. “Ile arobaini na moja?” alisema. “Ilinibana makwapani mpaka nikatoka malengelenge.” Kisha, taratibu, “Umesema karibu. Karibu unipotezee?”

“Kocha atakwambia lililobaki.”

Leland alimwambia. Odessa hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, akajifunika uso kwa aproni, na unga ukamwanguka magotini. Isaiah alisimama tu na bahasha ya Orrin mkononi. Aliifungua ili apate pa kutazama, akasoma, akacheka na kulia kwa pamoja. “Anasema Petey anashukuru. Na Biskuti.”

Walikula pai ya viazi vitamu wakiwa bado na makoti. Odessa alileta jezi ya namba kumi na mbili, imepigwa pasi vizuri, na doa la rangi ya kutu tumboni. “Nimeijaribu kwa chumvi, kwa siki, kwa maji baridi. Halitoki.”

“Mama yangu alikuwa anatumia maziwa,” alisema Ludmila, akilipapasa lile doa kwa kidole. “Unaloweka usiku kucha. Lakini hili mimi ningeliacha.”

“Nami nilikuwa nafikiria kuliacha.”

Leland alipiga honi kwa upole. Odessa alimfungia kipande cha pai kwenye karatasi, akamshika mkono kumteremsha ngazi, moja baada ya nyingine, kwa sababu ya vile viatu vikubwa. Kwenye ngazi ya mwisho hakuuachia.

“Jumapili baada ya kanisa huwa nipo,” alisema. “Uje tena, dada. Usingoje kukosea ndipo uje.”